Rovos Rail au Blue Train: ulinganisho kwa anayetaka kupanda treni ya kifahari kusini mwa Afrika

Kati ya Pretoria na Cape Town kuna reli yenye urefu wa takriban kilomita 1,600, na juu ya reli hiyo hiyo moja hupita treni mbili za kifahari ambazo msafiri kutoka Afrika Mashariki hukutana nazo kwa pamoja kila anapoanza kuulizia safari ya namna hii. Moja ni Blue Train, ambayo ni mali ya serikali ya Afrika Kusini kupitia shirika lake la uchukuzi la Transnet. Nyingine ni ya Rovos Rail, kampuni binafsi ya familia moja. Picha zao hufanana: vitambaa vyeupe mezani, mbao zilizong'arishwa, bilauri zenye kumetameta, na nyika kavu ya Karoo ikipita dirishani. Nauli zao ni kubwa kwa zote mbili, wala hazipishani kiasi cha kumfanya mtu aamue kwa nauli peke yake. Matokeo yake ni kwamba wengi huchagua kwa kubahatisha, nami naliona hilo kuwa kosa, kwa sababu treni hizi zilizaliwa katika mazingira tofauti kabisa, na karibu kila kitu atakachokipenda au kukichukia msafiri akiwa ndani, yaani mwendo, ukimya, bafu, vituo vya njiani na hata mavazi ya mezani, kimetokana na mazingira hayo. Ndiyo maana ninaanza na historia kabla ya vyumba na nauli.

Familia iliyotaka behewa la likizo

Jina la Rovos limetokana na jina la mwanzilishi wake, Rohan Vos, kwa kuunganisha herufi za mwanzo za jina lake la kwanza na jina la ukoo. Vos alikuwa mfanyabiashara wa vipuri vya magari katika mji wa Witbank, ambao siku hizi unaitwa eMalahleni, na hakuanza na nia ya kuwa na kampuni ya utalii. Katikati ya miaka ya 1980 alinunua mabehewa machache ya zamani katika mnada, akikusudia kuyakarabati na kuyatumia na mkewe na watoto wake wanne kama nyumba ya likizo inayotembea relini. Shirika la reli la wakati ule lilipomwambia gharama za kuvutiwa mabehewa hayo, akaona kwamba familia peke yake haiwezi kuzibeba, na hapo ndipo lilipozuka wazo la kuuza tiketi. Safari ya kwanza ya kibiashara ilifanyika Aprili 1989.

Jambo la kuzingatia hapa ni namna mabehewa yalivyopatikana. Kampuni haikuagiza treni mpya kiwandani. Ilikusanya mabehewa yaliyokwisha kuachwa, mengine yakiwa yamesimama kwenye reli za pembeni kwa miaka, yakachakaa kwa jua na mvua, kisha ikayavua hadi kwenye mifupa na kuyajenga upya kwa mbao na shaba kwa mtindo wa nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mojawapo ya mabehewa yake ya chakula, lenye nguzo na matao ya mbao yaliyochongwa, ni la miaka ya 1920. Injini za mvuke nazo zilinunuliwa na kukarabatiwa, na Vos akazipa majina ya watu wa familia yake. Kazi hii yote ilikula fedha kuliko ilivyokadiriwa, na katika miaka yake ya mwanzo kampuni ilikaribia kufilisika. Baadaye ilipata makao yake ya kudumu Capital Park, Pretoria, katika karakana kubwa ya zamani ya injini za mvuke, ambako hadi leo ndiko inakoondokea, ndiko mabehewa yanakokarabatiwa, na ndiko abiria wanakopokelewa.

Nimeitaja historia hiyo kwa urefu kwa sababu inajibu swali ambalo watu huuliza mara kwa mara, yaani kwa nini treni ya Rovos haina televisheni wala redio vyumbani, na kwa nini simu na kompyuta haziruhusiwi katika mabehewa ya pamoja. Huo si upungufu unaosubiri kurekebishwa. Mtu aliyejenga treni hii alitaka irudishe desturi ya safari ya zamani, na hata mwendo wake umewekewa kikomo cha kilomita 60 kwa saa. Msafiri anayekerwa na mambo hayo asijidanganye kwamba atayazoea baada ya siku mbili.

Treni ya serikali, tangu enzi za meli za barua

Blue Train ina umri mkubwa zaidi, na ilizaliwa kwa haja ya kufika. Mnamo 1923 Shirika la Reli la Afrika Kusini lilianzisha treni za haraka kati ya Cape Town na Johannesburg, iliyopanda kaskazini ikiitwa Union Limited na iliyoshuka kusini ikiitwa Union Express, ili kuwachukua abiria wa meli za barua zilizotoka Uingereza na kuwafikisha haraka kwenye eneo la machimbo ya dhahabu. Mwaka 1939 yaliwasili mabehewa mapya ya chuma yaliyoundwa na Metropolitan-Cammell ya Birmingham, yaliyopakwa rangi ya buluu na kuwekewa viyoyozi, jambo lililokuwa geni sana kwa wakati huo. Vita vya Pili vya Dunia vilisimamisha huduma hiyo mwaka 1942. Iliporejea mwaka 1946, jina ambalo watu walikuwa wamelitumia mitaani kwa sababu ya rangi yake likawa ndilo jina rasmi.

Mabehewa ya sasa si yale ya 1939. Treni mbili mpya ziliundwa nchini Afrika Kusini kwenyewe na kuanza kazi mwaka 1972, kisha zikafanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 1997. Kwa hiyo anayepanda Blue Train akidhani ataingia katika behewa la enzi za meli za barua atashangaa, kwani atakachokikuta ni hoteli ya kisasa ya daraja la juu iliyowekwa juu ya magurudumu, yenye mabafu ya marumaru, televisheni chumbani na mhudumu maalumu wa kila behewa.

Kuna upande mwingine wa historia hii ambao vipeperushi vya utalii huupita haraka. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake, Blue Train ilikuwa treni ya Wazungu katika nchi iliyotenganisha watu kwa sheria hadi kwenye majukwaa ya stesheni, na Waafrika walikuwemo kama wahudumu na vibarua wa reli. Silisemi hili ili kumzuia mtu kupanda leo. Nalisema kwa sababu msafiri Mwafrika anayelipa fedha nyingi kwa ajili ya historia anastahili kujua historia hiyo ni ya nani, na kwa sababu Rovos nayo, ingawa ilianza miaka michache tu kabla ya ubaguzi huo kuanguka, huuza kumbukumbu ya zama zilezile. Anayependa mbao na shaba bila kutaka kuusahau ukweli huo ana njia ya kuunganisha yote mawili, nami nitaifikia katika sehemu inayohusu Dar es Salaam.

Ndani ya treni

Treni ya Rovos hubeba abiria wasiozidi 72, na Blue Train takriban 80 katika treni yake kubwa. Kwa idadi hiyo hakuna tofauti ya maana. Tofauti iko katika vyumba.

Rovos ina ngazi tatu. Pullman, iliyo ndogo kuliko zote, ina takriban mita za mraba 7, na kiti chake kirefu cha mchana hugeuzwa kitanda usiku. Deluxe ina takriban mita za mraba 10, kitanda cha kudumu na sehemu ya kukaa. Royal huchukua nusu nzima ya behewa, takriban mita za mraba 16, na ina beseni la kuogea la mtindo wa kale pamoja na bafu la manyunyu. Vyumba vyote, hata kile kidogo, vina choo na bafu lake. Blue Train ina ngazi mbili tu: De Luxe, ambayo hupatikana kwa vitanda viwili au kimoja kikubwa, na Luxury, iliyo kubwa zaidi na yenye beseni kamili la kuogea. Nafasi ya Pullman inamtosha msafiri wa safari fupi asiye na mizigo mingi, lakini kwa wanandoa wanaokwenda safari ndefu ya siku 15 hadi Dar es Salaam ninaishauri Deluxe bila kusita, hata ikibidi kusubiri mwaka mmoja zaidi ili fedha itimie.

Katika sehemu za pamoja, ninaipa Rovos alama ya juu kwa jambo moja: behewa lake la nyuma kabisa, ambalo lina baraza ya wazi. Msafiri anaweza kusimama hapo akapigwa na upepo, akasikia magurudumu yakigonga maungio ya reli na kunusa vumbi la Karoo baada ya mvua. Katika Blue Train madirisha ni makubwa na safi sana, lakini hayafunguki, na mandhari huonekana kupitia kioo. Kwa mtu mwenye mzio wa vumbi, mtoto mchanga au mzazi mzee asiyestahimili baridi, kioo hicho ni faida.

Chakula ni kizuri kwa zote mbili, na sina la kurefusha hapo. Chakula cha jioni huliwa kwa mavazi rasmi, koti na tai kwa wanaume; wageni wenye mavazi ya heshima ya kwao huyavaa, na kanzu safi yenye koti juu ni vazi la heshima popote, ila ni vyema kuwauliza wahusika mapema. Anayehitaji chakula halali au mlo maalumu wa kiafya aandike hivyo wakati wa kuweka nafasi, kwa kuwa jiko la treni hupakia vyakula vyake kabla ya kuondoka na haliwezi kwenda sokoni katikati ya nyika. Nauli ya treni zote mbili hujumuisha vinywaji, pamoja na mvinyo, isipokuwa vichache vya bei kubwa mno kama shampeni ya Ufaransa. Maana yake ni kwamba msafiri asiyetumia kileo analipia sehemu ya bili ya jirani yake. Ndivyo nauli zilivyopangwa, naye alijue hilo kabla ya kulipa.

Safari ya Pretoria na Cape Town

Kwa njia hii peke yake, shindano ni la karibu. Treni zote hupita katika maeneo yale yale: nyanda za juu za mahindi, Kimberley lilipo shimo kubwa la machimbo ya almasi, Karoo, kijiji cha Matjiesfontein kilichoanzishwa na Mskoti James Logan katika miaka ya 1880, kisha mteremko kupitia milima ya Hex River, ambako tangu 1989 reli hupita katika handaki lenye urefu wa zaidi ya kilomita 13, na hatimaye mashamba ya mizabibu ya Rasi, yaani eneo la Cape. Rovos husimama Kimberley na Matjiesfontein ili abiria wateremke na kutembezwa. Blue Train kwa kawaida imekuwa na kituo kimoja cha matembezi, kinachobadilika kulingana na upande inakoelekea.

Kwa miaka mingi Blue Train ilikuwa safari ya kulala usiku mmoja na Rovos ya kulala mara mbili. Katika miaka ya karibuni ratiba za zote zimerefushwa, hasa kwa sababu reli ya Afrika Kusini imedhoofika: wezi huiba nyaya za umeme wa reli, ishara hazifanyi kazi, na treni hulazimika kusubiri au kuvutwa kwa injini za dizeli. Hili huzigusa kampuni zote mbili kwa kuwa reli ni moja. Hata hivyo ninaona kuwa mchelewo humwumiza zaidi abiria wa Blue Train, kwa sababu safari yake imepangwa kwa saa chache, na nusu siku ikipotea ameipoteza sehemu kubwa ya alicholipia, ilhali abiria wa Rovos amekwisha kuambiwa tangu mwanzo kwamba hakuna haraka.

Mwenye siku tatu tu mkononi, anayetaka starehe ya kisasa, beseni la maji moto na usingizi mzuri, achague Blue Train. Kwa njia hii fupi sioni sababu ya kumwambia vinginevyo.

Hadi Dar es Salaam: hapa mizani inalala upande mmoja

Blue Train haiji Afrika Mashariki. Rovos huja. Tangu mwaka 1993 kampuni hii imekuwa ikiendesha, mara chache kwa mwaka, safari ya treni moja kutoka Cape Town hadi Dar es Salaam, inayochukua siku 15 na kukatiza Afrika Kusini, Botswana, Zimbabwe, Zambia na Tanzania. Kwa msomaji wa Kiswahili, sehemu hii ndiyo inayobadilisha ulinganisho wote.

Ili kuelewa kwa nini treni ya Cape Town inaweza kuingia Dar es Salaam bila kubadilisha magurudumu, ni lazima kurudi kwenye sababu ya kujengwa kwa Reli ya Uhuru, TAZARA. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia ikajikuta shaba yake yote inategemea reli na bandari zilizo mikononi mwa tawala za walowezi, Wareno na makaburu. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walitafuta njia ya kwenda baharini upande wa mashariki. Wakubwa wa Magharibi walisema reli hiyo haitalipa. China ilikubali kuijenga, mkataba ukatiwa saini Beijing mwaka 1967, ujenzi ukaanza 1970, na mwaka 1976 reli yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa rasmi kwa nchi mbili hizi. Ina mahandaki 22 na madaraja zaidi ya 300, na kipande kigumu kuliko vyote ni kile cha kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli hupanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu kwa kujikunja milimani.

Kwa kuwa ilipaswa kuungana na reli ya Zambia, TAZARA ilijengwa kwa upana wa milimita 1,067, ule ule wa reli za kusini mwa Afrika, wala si milimita 1,000 za Reli ya Kati ya Tanzania na reli ya zamani ya Kenya na Uganda. Hapo ndipo penye jibu. Treni iliyotengenezwa kwa ajili ya Rasi hukuta reli ya upana wake hadi kwenye stesheni ya TAZARA, Dar es Salaam, na haiwezi kuvuka hata mita moja zaidi, iwe kwa Reli ya Kati, iwe kwa reli mpya ya SGR yenye upana wa milimita 1,435. Wanaouliza kwa nini treni hii haifiki Moshi, Mombasa au Nairobi, sababu ni hiyo tu.

Ninakiri kwamba jambo hili hunigusa. Reli iliyojengwa ili Waafrika wa Zambia na Tanzania wasilazimike kupiga magoti kwa Afrika Kusini ya makaburu ndiyo iliyoipokea treni kutoka Cape Town mwaka 1993, mwaka mmoja kabla ya Nelson Mandela kuchaguliwa kuwa rais. Msafiri anayepanda Rovos kwa njia hii hapiti tu katika ndoto ya mkoloni Mwingereza Cecil Rhodes ya reli kutoka Cape hadi Cairo, kama wauzaji wa safari wanavyopenda kusema. Kuanzia Kapiri Mposhi anapita juu ya kazi ya watu waliokuwa na ndoto ya kinyume chake, na Watanzania, Wazambia na Wachina waliochimba mahandaki yale kwa jasho lao wanastahili kukumbukwa katika mabehewa yale ya mbao. Mtanzania anayepanda treni hii awaeleze hivyo wageni watakaokaa naye mezani, kwa maana wengi wao hawajapata kulisikia.

Njia yenyewe ni tajiri. Baada ya Kimberley na Pretoria, abiria huteremka kwenda kutazama wanyama katika hifadhi ya Madikwe. Treni huvuka Botswana, huingia Bulawayo, na kutoka hapo huelekea Victoria Falls kwa reli ambayo kipande chake kimoja kimenyooka kwa zaidi ya kilomita 100. Daraja la Victoria Falls, lililojengwa mwaka 1905, huvukwa kuelekea Zambia. Kaskazini mwa Zambia kuna matembezi ya maporomoko ya Chisimba, karibu na Kasama. Kisha mpaka wa Nakonde na Tunduma, Mbeya, Makambako, mteremko wa kwenda Mlimba, na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambayo hadi mwaka 2019 ilikuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Tembo na twiga huonekana kutoka dirishani. Si jambo la kuahidiwa, lakini hata abiria wa kawaida wa TAZARA wanalijua.

Mwaka huo huo wa 2019 Rovos ilifungua njia nyingine iliyoanzia Dar es Salaam na kuishia Lobito, Angola, kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki, kupitia Zambia, Lubumbashi na Kolwezi nchini Kongo, na Reli ya Benguela. Msafiri huanza safari kwa Kiswahili Dar es Salaam na kukikuta tena Kiswahili Lubumbashi, jambo ambalo treni nyingine ya namna hii haiwezi kumpa. Aliyekwisha kuiona Cape Town ningemshauri aulizie kama njia hii bado imo katika ratiba, na ikiwemo aitazame kabla ya ile ya kwanza.

Gharama, usalama na karatasi

Nauli ya safari ya Dar es Salaam huzidi dola za Marekani 10,000 kwa mtu mmoja, hata katika chumba cha chini wakilala wawili. Anayesafiri peke yake hutozwa nyongeza kubwa kwa kukitumia chumba bila mwenzake. Safari fupi ya Pretoria na Cape Town hugharimu sehemu tu ya kiasi hicho. Blue Train hupanga nauli kwa misimu, na miezi yenye wageni wachache, hasa ya baridi katikati ya mwaka, huwa na nafuu. Mwenye uhuru wa kuchagua tarehe atumie nafasi hiyo.

Kuhusu usalama, msomaji anapaswa kujua kwamba Aprili 2010 mabehewa ya Rovos yalianguka karibu na mwisho wa safari huko Pretoria, baada ya kuanza kujiendea yenyewe relini wakati injini ya umeme ilipokuwa ikibadilishwa kwa ile ya mvuke, na watu 3 walipoteza maisha. Siku hizi injini za mvuke hazivuti safari ndefu, na treni huvutwa na injini za umeme au dizeli kulingana na nchi. Anayekwenda kwa ajili ya moshi na honi ya mvuke ajue hivyo, asije akavunjika moyo.

Karatasi ni kazi ya msafiri. Mtanzania au Mkenya hahitaji viza kwa nchi nyingi za njia hii, lakini masharti hubadilika na yatazamwe kwa kila nchi, pamoja na kurasa tupu za pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo kukosekana kwake kumewarudisha watu mpakani.

Asiyekuwa na dola 10,000

Reli ni ile ile. Daraja la kwanza la treni ya kawaida ya TAZARA lina vyumba vya vitanda vinne, na mume na mke wanaotaka kulala pamoja hulazimika kulipia chumba kizima, kwa maana vinginevyo wanawake na wanaume hutenganishwa. Nauli yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya Rovos. Mandhari ya Udzungwa na mahandaki ni yale yale, ila hakuna maji ya moto wala uhakika wa saa ya kufika, na kwa kuwa reli inasubiri ukarabati mkubwa, ni lazima kuuliza stesheni kama treni ya abiria inatembea kabla ya kupanga lolote. Kwa mwanafunzi, mwalimu au mzee aliyefanya kazi katika ujenzi wake, naiona kuwa safari yenye thamani kubwa kuliko usiku mmoja wa Blue Train.

Kwa aliyeamua Rovos na anayeishi Tanzania, linabaki swali la upande wa kuanzia. Napendekeza kupandia Dar es Salaam. Anaondoka nyumbani akiwa hana uchovu wa ndege, sehemu ngumu ya mipaka anaimaliza mapema akiwa na nguvu, na uchelewaji wowote utamkuta Cape Town, mji ambao hata hivyo angetaka kukaa siku chache. Tiketi ya ndege ya kurudi ikatwe kwa siku ya pili au ya tatu baada ya tarehe ya kufika iliyoandikwa kwenye ratiba, kamwe isiwe siku ile ile.